Kurusha chambo bandia pembeni ya boti zilizofungwa hapa Mwanza, inalipa au najisumbua?

MtuWaTanga:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimehamishiwa Mwanza kikazi huu mwezi wa nne sasa, na kinachonitesa sio milima ya mawe wala nini, ni fimbo yangu ya kuvulia na rili yake zimelala chini ya kitanda tangu nishuke na mabegi. Kule nyumbani nikitoka kazini nilikuwa napitiliza moja kwa moja mpaka wanapofunga mashua, natupa kile kisamaki cha mpira chenye kichwa cha risasi cha gramu tano, nakitupa pembeni kabisa ya boti mpaka kinakaribia kugusa ubao, naacha kizame kwenye kivuli taratibu, samaki changu anapiga. Giza likiingia nabadilisha naweka chambo cha ngisi, kile chenye umbo la kamba wa baharini na taji la pini mkiani, unakitupa pale mwanga wa taa ya boti unapoishia na giza linapoanzia, unakivuta mara mbili kwa nguvu afu unakiacha kizame, na ngisi anakikumbatia wakati huo huo kinazama, hapigi, unasikia tu mshipi umekuwa mzito kama umenasa mfuko wa rambo.

Sasa najua ziwani ngisi hakuna, haya ni maji baridi, msije mkanipigia kelele. Ila juzi nimepita upande wa Capri Point nikaona boti zimefungwa zimetulia, chini kivuli kizuri, roho ikaniuma. Je sato na sangara nao wanakaa chini ya boti kama changu? Na wanapiga chambo bandia au huku ni nyungunyungu tu? Ni boti za aina gani nizifuate na saa ngapi? Naomba msaada kwa aliyewahi kufanya, sio wa kuhisi.

NgoshaWaIgombe:
Karibu Mwanza mkuu. Nimefanya hii kitu miaka, nakujibu kwa nilichokiona.

Sangara ndo changu wako wa huku, ila kwa tabia sio kwa ukubwa. Sangara mdogo na wa kati anapenda kujibanza, kwenye mawe, kwenye nguzo, kwenye kamba za nanga, na chini ya boti iliyokaa muda mrefu sehemu moja. Anakaa gizani anaangalia penye mwanga, dagaa au furu akipita anamvuta na mdomo wake kama mtu anavuta supu. Kwa hiyo ile ya kwako ya kutupa karibu na ubao na kuacha kizame ndo hiyo hiyo, usibadilishe kitu. Wengi wanakosea wanatupa mita mbili kutoka kwenye boti wanaanza kuzungusha rili haraka haraka, pale unampungia tu. Acha kifike chini kabisa, mimi huwa nahesabu mpaka kumi au kumi na mbili kwenye maji ya mita tatu, nanyanyua ncha ya fimbo kidogo, naacha kianguke tena. Akipiga utajua, anapiga kama kibaka anakupora simu.

Kitu kimoja cha tofauti na changu, sangara hana meno ya kukata ila ndani ya mdomo ni kama msasa na kifuniko cha shavu lake kina makali ya wembe. Ukifunga chambo moja kwa moja kwenye uzi mwembamba ataruka juu, atatikisa kichwa mara tatu, utabaki unaangalia uzi umechanika manyoyamanyoya. Weka nailoni nene nusu mita mbele. Na usimshike kwenye shavu kwa mkono mtupu, mimi nina alama kwenye kidole cha shahada mpaka leo.

Muda: jua likizama na masaa mawili ya kwanza ya giza. Macho yake usiku yanawaka ukimulika tochi, kama paka, ndo ujue yule kaumbiwa giza.

kipepeo_wa_ziwa:
Gramu tano risasi, fimbo, rili, chambo kutoka Japani 😂😂 mzee chimba nyungunyungu nyuma ya nyumba uje ule sato saa kumi na mbili jioni. Mnateseka bure.

MamaSato_Kirumba:
Kipepeo unacheka lakini upande wa sato uko sahihi, ngoja nimfafanulie huyu kaka wa Tanga. Mimi nauza samaki na nimekulia mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha samaki, watoto wangu wote wamejifunzia kuvua juu ya mitumbwi iliyofungwa.

Kaka, sato sio muwindaji kama sangara. Boti ikikaa majini wiki mbili tatu inaota ukoga ubavuni, ule wa kijani unaoteleza, sato anakuja kuula. Ukikaa kimya asubuhi jua likiwa limepanda kidogo unamuona kabisa mdomo unakwangua ubao, anageuza ubavu unang'aa, anarudi chini ya kivuli. Sasa mtu anayekula ukoga na wadudu ukimtupia kisamaki cha mpira urefu wa kidole anakimbia, hakijui. Kwa hiyo sato tafuta boti chafu, sio ile iliyotoka kupakwa rangi. Ndoano ndogo, ugali uliokandwa ukawa mgumu au nyungunyungu, bila risasi kabisa, au uweke chubwi, kile kizito cha mshipi, dogo sana, unaiacha ishuke yenyewe ikiambaa ubavu wa boti.

Ila kuna wakati anapiga chambo bandia, ni pale dume likiwa na kiota. Wanachimba kiduara mchangani kwenye maji mafupi, jike likishataga linabeba mayai mdomoni linaondoka, dume linabaki kufukuza kila kinachokatiza. Ukipitisha kitu kidogo juu ya kiota anakisukuma au anakiuma kwa hasira, sio njaa. Kwa kweli mimi sipendi mtu amtoe dume kwenye kiota, lakini ndo hivyo, mtu akija na picha mtandaoni ya sato amenasa kwenye chambo cha chuma mara nyingi stori ni hiyo.

Na vipimo msisahau, sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya 50 ni kosa. Sangara wa chini ya boti wengi ni wadogo kaka, jiandae kurudisha.

MtuWaTanga:
Dada MamaSato asante sana, hiyo ya boti chafu sikuwahi kuiwaza kabisa, kule kwetu chaza na ukoga ubavuni tulikuwa tunaona ni uchafu tu. Ngosha nimekupata. Swali lingine, huku hamna maji kujaa na kupwa, sasa mnapangaje? Mimi pwani nilikuwa naangalia maji, yakianza kujaa ndo changu wanaamka, siku za bamvua, maji yakijaa sana, nakwenda mapema, maji mafu nalala. Hapa ziwa limekaa tu kama beseni nashindwa kujua nianzie wapi.

NgoshaWaIgombe:
Hahaha beseni. Huku upepo ndo maji kujaa na kupwa yetu. Usiku mpaka alfajiri upepo unatoka nchi kavu, mchana unageuka unatoka ziwani na unakuja na mawimbi, ukiishi hapa mwaka mmoja utausikia ukibadilika bila kuangalia. Sasa angalia hivi, boti iliyofungwa kamba moja mbele, sijui nyie mnaitaje mbele...

MtuWaTanga:
Omo. Nyuma tezi.

NgoshaWaIgombe:
Haya, omo. Ikifungwa kamba ya omo tu, boti yote inageuka na upepo, omo linaangalia upepo unakotoka na tezi linabaki nyuma, kwa hiyo kivuli ulichokiona asubuhi upande wa kushoto mchana hakipo tena, na samaki wamehama nacho. Mtu anafika saa tisa anatupa pale pale alipopata jana asubuhi anasema leo hamna samaki. Upepo pia unasukuma vitu vidogo vidogo, uduvi, majani, magugu maji, vinajikusanya upande mmoja. Tupa chambo juu ya upepo, yaani upande upepo unakotoka, kije kinasukumwa kuelekea kwenye boti, maana samaki wengi wanasimama wakiangalia kinakotoka chakula.

Na ya pili ni mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi siku za giza, taa zao zinashindana na mbalamwezi, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa boti zao zinalala mwaloni. Hapo una boti nyingi za kuvulia pembeni. Ila mimi nakupa siri, siku za giza alfajiri ndo nzuri kuliko zote, boti zinarudi, wanakung'uta nyavu, dagaa wanaanguka majini pale pale wanapofunga. Sato, sangara wadogo, gogogo, wote wanajua ratiba. Subiri washushe mzigo waondoke, boti itulie, ndo utupe kitu kidogo cheupe cheupe kinachofanana na dagaa. Uduvi wa ziwa nao ni mdogo na rangi yake ya maji maji, ukiwa na kimpira cha rangi hiyo kiweke.

Mwenye_Boti:
Naomba niseme kama mmiliki maana nasoma hapa mnavyopanga kuvulia pembeni ya mali za watu. Sina shida na mtu kuvua. Shida ni ndoano. Mwaka juzi nimeamka alfajiri nakwenda kuvuta nanga, giza, nimeshika kamba kwa mikono miwili navuta, kumbe kuna mtu jana yake chambo chake kilinasa kwenye kamba akakata uzi akaondoka. Ndoano ya pembe tatu imeingia hapa kwenye nyama ya chini ya dole gumba, na kamba ina uzito wa nanga inaendelea kunivuta chini, siwezi kuachia na siwezi kuvuta. Kijana wangu alikata kamba kwa panga, nanga ikaenda, mimi nikaenda hospitali.

Kwa hiyo ukija, kwanza niombe, nitakuruhusu. Pili tumia ndoano moja sio zile za pembe tatu. Ikinasa kwenye kamba yangu niambie, niko tayari kukusaidia kuitoa. Msikate uzi mkaondoka.

MamaSato_Kirumba:
Pole sana kaka, hilo ni jambo la kweli kabisa. Na kaka wa Tanga chambo kikinasa usiingie majini kukifuata, huku kwenye majani ya pembeni kuna kichocho na sehemu nyingine mamba. Acha kiende.

MtuWaTanga:
Mwenye_Boti pole sana mzee wangu, nimesoma mkono ukaniwasha. Chambo zangu nyingi zina pembe tatu, kesho natoa zote naweka ndoano moja moja. Hizi za ngisi ndo hazina kile kijino cha kuzuia kutoka, zikinasa zinatoka kirahisi, nitajaribu hata hizo kwa sangara nione.

baharia_mstaafu:
Ongezeni na hii, asije akajikuta kituoni. Kisiwa cha Saanane ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, na maji yake ya karibu yamo, usiende kutupa kitu kule eti kuna boti za watalii zimefungwa. Gati za bandari na vivuko usikaribie, pale kuna ulinzi na kivuko kikiwasha mashine unapoteza kila kitu. Leseni muulize afisa uvuvi, na ukifika mwalo wowote anza na viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, watu wastaarabu ukisalimia vizuri.

MtuWaTanga:
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimekwenda Luchelele, nikasalimia, nikaomba, nikaruhusiwa kwenye boti moja kuukuu ina ukoga wa kutosha kama dada alivyosema. Nilifika saa kumi na moja jioni, upepo unatoka ziwani, nikakaa upande ule wa juu ya upepo.

Saa nzima hamna kitu. Mlinzi wa pale mzee mmoja kakaa kwenye ndoo anavua kwa kijiti na uzi, ugali kwenye sahani ya plastiki, ametoa sato wanne mbele yangu, kila akitoa ananiangalia bila kusema neno. Jua lilipozama nikaweka kimpira cha rangi ya uduvi ndoano moja, nikakitupa kikagusa kabisa ubao kikaanguka, nikahesabu mpaka tisa, kumi sikufika. Fimbo iliinama mpaka nikashika kwa mikono miwili, akaruka mara moja nikamuona mweupe kwenye mwanga wa simu, akaenda chini ya boti kutafuta kamba ya nanga, nikashusha ncha ya fimbo mpaka ndani ya maji nikamzungusha kwenye tezi akatoka upande wa pili. Sangara, nimempima sentimita 43. Nikamrudisha, mzee akapiga ulimi "tch" ya masikitiko nikaisikia mpaka moyoni.

Chambo cha ngisi nacho nilijaribu, kilipigwa mara moja kikaachiwa, sijui alikuwa nani.

Jumamosi narudi. Mzee kaniagiza ndoano ndogo pakiti moja, na kasema hiyo fimbo yangu nikimaliza kuchezea nimuachie, ni nzuri ya kufukuzia ndege wanaomuibia dagaa aliowaanika.