Mitumbwi yangu ya dagaa inarundikana sehemu moja kwenye modeli, nifanyeje ipeane nafasi?

NyotaKibirizi, Kigoma

Habari za jioni wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada, nimekwama wiki ya pili sasa.

Natengeneza modeli kwenye NetLogo (programu ya kompyuta ya kuigiza vitu vingi vinavyotembea kwa kanuni) ya mitumbwi ya dagaa inayoingia ziwani usiku kutoka Kibirizi. Nimekulia hapo mwaloni. Baba alivua mpaka mgongo ulipomkatalia, mama bado anaanika. Ziwa lilipofungwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kila jioni nilimsikia baba akibishana na wenzake barazani: dagaa wanapungua kwa sababu mitumbwi ni mingi, au kwa sababu yote inabanana mahali pamoja? Hakuna aliyemshinda mwenzake. Nikaona kwamba swali hili linaweza kujengwa likaonekana kwa macho, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nimepanga hivi. Kila kiraka, yaani mraba mmoja wa ulimwengu wa modeli, ni mita 20, ulimwengu mzima ni viraka 201 kwa 201, kwa hiyo ni kama kilomita 4 kila upande. Mitumbwi ni 60, kila mmoja una taa. Dagaa ni nukta 3,000, kila nukta nimeihesabu kama kundi dogo. Mtumbwi unafuata mahali penye dagaa wengi, lakini ukikuta mwenzake yuko ndani ya viraka 3 (mita 60) unatakiwa umpe mgongo na usogee:

```
ask mitumbwi [
  let jirani min-one-of (mitumbwi in-radius 3) [distance myself]
  if distance jirani > 0 [
    set heading (towards jirani) + 180
    fd 1
  ]
]
```

Ule mstari wa `distance jirani > 0` sikuwa nao mwanzo. Niliuweka kwa sababu programu iligoma ikisema hakuna mwelekeo kutoka nukta moja kwenda nukta hiyohiyo. Nilipouweka ikatulia. Ila sasa mitumbwi haipeani nafasi kabisa. Baada ya hatua kama 200 karibu yote inakuwa juu ya viraka vitano au sita. Nimebadilisha 3 ikawa 5, ikawa 10, ikawa 20, hakuna tofauti yoyote. Baba alitazama kioo kimya, kisha akasema, "Hapo nyavu zote zimeshakatana."

Mambo mengine mawili: laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na dagaa wakishaanza kuangaliana inakwenda kwa kujikokota. Na mtumbwi ukitoka upande wa magharibi, kule kwa Kongo, unaibukia mashariki, mchangani kwetu.

Mwl_Miombo, Tabora

Dada, pole na hongera kwa kazi. Nafundisha kompyuta hapa Tabora, na niliwahi kupita njia hiyohiyo nikipanga mizinga ya nyuki kwenye msitu wa miombo, nikitaka kujua isogeleane kiasi gani. Kosa lako nalifahamu.

`mitumbwi in-radius 3` inamhesabu na yule anayeuliza. Mtumbwi wako unapotafuta jirani wa karibu kuliko wote, unajikuta wenyewe, umbali sifuri. Ndiyo maana programu iligoma: uliuambia mtumbwi uelekee ulipo. Halafu ulipoweka sharti la `> 0` ukawa umeizuia isilalamike, na kanuni yako haijawahi kufanya kazi hata mara moja tangu hapo. Kubadilisha 3 kuwa 20 kusingesaidia, maana kila mtumbwi uliendelea kujiona wenyewe kwanza. Dawa ni neno `other`:

`other mitumbwi in-radius 3`

Ukishaliweka, kumbuka kwamba safari nyingine hatakuwapo jirani yeyote, kwa hiyo uliza kwanza kama jirani ni `nobody`.

Ngoja nikuonye kabla hujafurahi. Ukirekebisha hilo tu, mitumbwi itaanza kutetemeka. Itaruka nyuma kiraka kizima, yaani mita 20, hatua inayofuata itawafuata dagaa palepale, itaruka tena. Sababu ni mpaka wa ghafla: kwenye mita 59 unakimbia kwa nguvu zote, kwenye mita 61 hujali kitu. Tena unamkimbia jirani mmoja tu, hata kama kumkimbia huyo kunakupeleka kwenye taa ya mwingine. Kila jirani na asukume kwa kadiri ya ukaribu wake, misukumo yote ijumlishwe, kisha mtumbwi usogee kidogo:

```
ask mitumbwi [
  set sx 0
  set sy 0
  let mimi self
  ask other mitumbwi in-radius nafasi [
    let d distance mimi
    if d > 0 [
      let nguvu (nafasi - d) / nafasi
      let pembe towards mimi
      ask mimi [
        set sx sx + nguvu * sin pembe
        set sy sy + nguvu * cos pembe
      ]
    ]
  ]
]
ask mitumbwi [
  setxy (xcor + 0.3 * sx) (ycor + 0.3 * sy)
]
```

`sx` na `sy` ni jumla ya misukumo, ya upande na ya juu-chini; zitangaze kwenye `mitumbwi-own`, orodha ya namba ambazo kila mtumbwi unazibeba. Ona pia kwamba nimetumia `ask` mbili. Ya kwanza inapiga hesabu tu, ya pili ndiyo inasogeza. Ukivichanganya, mtumbwi wa kwanza kuitwa unasogea, na wa pili unapiga hesabu kwa kuangalia ziwa ambalo limeshabadilika.

Kuhusu kuibukia mchangani: NetLogo huanza na ulimwengu unaozunguka, ukingo wa kushoto umeshikana na wa kulia. Nenda kwenye mipangilio ya ulimwengu uzime pande zote mbili. Na usidhani ni suala la sura tu. Wakati umewasha, mtumbwi ulioko ukingo wa Kongo na ule ulioko ufukweni Kibirizi vinahesabiana kuwa majirani, na vinasukumana.

kijana_wa_kasulu

Naongezea la kasi. Dagaa 3,000, kila mmoja akiwapima wenzake wote, ni 3,000 mara 2,999. Karibu vipimo milioni 9 kwa hatua moja. Laptopu haina kosa.

Usiwapime wote. Viraka tayari ni vyumba: muulize dagaa aangalie kiraka chake na vinane vinavyomzunguka, `dagaa-here` pamoja na `dagaa-on neighbors`. Aliye mbali zaidi ya hapo hamhusu. Craig Reynolds alipotengeneza ndege wake wa kompyuta mwaka 1986, kila ndege aliwaangalia jirani zake tu kwa kanuni tatu: usigongane na wa karibu, elekea wanakoelekea, usiachane nao. Kundi zima likaruka kama kundi bila kiongozi. Dagaa wako wanahitaji hizohizo.

NyotaKibirizi, Kigoma

Mwalimu, nakushukuru sana. Wiki mbili nilikuwa narekebisha namba kwenye kanuni ambayo haikuwa inafanya kazi. Lile sharti la `> 0` ndilo lililonificha ukweli. Na kijana wa Kasulu, asante, sasa hatua zinakwenda hata nikiwa nimefungua vitu vingine.

Nilipozima mzunguko, programu ilisimama kila mtumbwi ulipogusa ukingo. Nimeweka sharti kwamba kama mahali unapokwenda ni nje ya ulimwengu au ni nchi kavu, ubaki ulipo. Limekubali.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Sasa mitumbwi imetulia, haitetemeki, na imejipanga mita 60, mita 60, mita 60, kama miche ya michikichi iliyopandwa kwa kamba. Nimekulia pale. Usiku wa giza ukisimama juu Kibirizi ukaangalia ziwani, taa hazikai hivyo. Kuna mahali zimesongamana kama mji, kuna mahali pana pengo kubwa jeusi, kuna taa moja iko peke yake mbali. Nikimwonyesha baba hii ataniuliza ni ziwa gani.

BabuKatonga

Binti yangu, mimi kompyuta siijui, mjukuu ndiye anayeniandikia. Lakini habari ya taa naijua, nimevua kutoka Katonga miaka mingi.

Umesema mita 60. Nani alikupa? Sisi hatukupima mita. Tulipima mwanga. Unafika mahali, unawasha, unasubiri dagaa wapande. Ukiona taa ya mwenzako inakula kwako, unaondoka. Zamani sote tulikuwa na karabai, taa za nguvu moja, kwa hiyo kila mtu alijua kiasi cha kukaa mbali na hapakuwa na ugomvi mwingi. Zilipokuja hizi za sola na betri, mmoja ana taa nne kali, mwingine ana mbili hafifu. Mwenye kali anakusogelea, yeye haoni kama amekukaribia. Wewe unaona dagaa wako wanahama. Ukimlalamikia anakushangaa, anasema mbona tuko mbali.

Tena usiku wa mbalamwezi taa zote zinakosa nguvu, ndiyo maana watu walibaki nyumbani kushona nyavu. Hayo uyaweke.

Mwl_Miombo, Tabora

Shikamoo babu. Maneno yako yanaandikika kwa hesabu, na mimi nilipotoka kwa kumwachia binti `nafasi` moja kwa mitumbwi yote.

Dada, chukua kanuni ya mwanga: ukienda mbali mara mbili, mwanga unakuwa robo. (Ndani ya maji unafifia zaidi ya hapo, ila anza na hii.) Mpaka kati ya mitumbwi miwili ni pale ambapo mwanga wa huyu unalingana na wa yule. Taa zikilingana, mpaka uko katikati. Taa ya jirani ikiwa na nguvu mara nne, mpaka unasogea kwako: mkiwa mita 90, uko mita 30 kutoka kwako na mita 60 kutoka kwake.

Sasa sema kila mvuvi anataka mpaka usimkaribie zaidi ya mita 30. Nafasi anayoihitaji ni 30 mara (1 + kipeuo cha pili cha taa ya jirani gawanya kwa taa yake). Taa sawa: mita 60, ileile namba yako. Mwenye taa hafifu akimwangalia mwenye kali mara nne: mita 90. Mwenye kali akimwangalia hafifu: mita 45. Hapo ndipo kauli ya babu ilipo. Wakiwa mita 70, mmoja anakimbia na mwingine ametulia kabisa, na wote wawili wana haki kwa hesabu zao.

Kwenye msimbo, `in-radius` iweke kubwa ya kutosha kumfikia aliye mbali kuliko wote, kisha `nafasi` ihesabiwe ndani, upya kwa kila jirani, na asukume tu kama `d` ni ndogo kuliko hiyo. Na ugawe kwa 20, usisahau, maana viraka si mita.

NyotaKibirizi, Kigoma

Shikamoo babu, na shikamoo mwalimu. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Kugawa kwa 20 nilisahau kweli, na mitumbwi yote ilikimbilia ukingoni kwa pamoja. Nilipoligundua hilo, nikaipa mitumbwi 20 taa ya nguvu mara nne na 40 nikaiacha na taa hafifu, nikawasha.

Ile michikichi imekwisha. Wenye taa kali walikaa juu ya dagaa wengi, wamekaribiana kwa mita zilezile 60, maana wao kwa wao wanalingana. Hafifu walisukumwa, wengine wakasogea hadi karibu na nchi kavu, wengine nje kabisa upande wa magharibi. Nimeendesha mara kumi, kila mara kwa mpangilio mpya wa kuanzia, na sura ni hiyohiyo: mji katikati, pengo jeusi kuuzunguka, taa chache hafifu pembeni. Kisha nikazipa zote 60 taa sawa. Mitumbwi ni ileile, ziwa ni lilelile, na pengo likajifunga.

Sijui bado kama hii inajibu swali la barazani, kwa sababu dagaa wangu hawazaliani na hawapungui. Hilo linafuata, pamoja na mbalamwezi ya babu, ambayo nadhani nitaiweka kama mwanga mmoja unaoongezwa kwenye kila kiraka.

Jana usiku nilimwita baba. Alivuta kiti, akaangalia mpaka hatua ya 300 bila kusema neno. Akanyoosha kidole kwenye mtumbwi mmoja wa pembeni, ule uliokuwa unajaribu kurudi katikati na kusukumwa tena, akasema, "Huyu ni mimi, mwaka wa mwisho." Akaniomba niiwashe tena tangu mwanzo, na safari hii nikaupaka rangi nyekundu ili asiupoteze.