Naomba ushauri: Jumamosi nampeleka binti yangu kuona Black Panther, na mdomo wangu haufungiki

Mleta mada, 14 Februari 2018

Wakuu, heshima kwenu. Ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 41, na ninaandika jambo hili nikijua kwamba baadhi yenu mtacheka.

Mwaka 1989, nikiwa darasa la sita, nilinunua jarida la katuni kwa wauza vitabu vya mitumba waliokuwa wakitandaza bidhaa zao chini pale Posta ya Zamani. Lilikuwa toleo la mwaka 1973, halina jalada la nyuma wala karatasi ya mwisho, na hadithi ilikatika T'Challa, yaani Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, akiwa kwenye maporomoko ya maji anapambana na Killmonger. Kwa miaka mingi sikujua kama aliangushwa au la. Nilikuja kuujua mwisho nikiwa chuoni, kwenye kompyuta ya kulipia kwa dakika, na ninakiri kwamba niliinuka kwenye kiti.

Tangu hapo nimekuwa nikingoja filamu yake. Katika miaka ya 1990 Wesley Snipes alihangaika kuitengeneza ikashindikana. Mwaka 2016 shujaa wetu akajitokeza katika Captain America: Civil War, lakini pale alikuwa kama mgeni kwenye harusi ya watu. Sasa ana filamu yake mwenyewe, chini ya mwongozaji Ryan Coogler, na nimemwahidi binti yangu wa miaka 11 kwamba Jumamosi tutakwenda pamoja.

Tatizo ni mimi. Wiki iliyopita kila jioni nilimsimulia. Jumatatu nilimweleza jinsi Stan Lee na Jack Kirby walivyomleta T'Challa mwaka 1966 katika toleo la 52 la jarida la Fantastic Four, akawaalika wale mashujaa wanne nchini kwake kisha akawawinda mmoja mmoja ili ajipime kabla ya kumkabili Klaw, muuaji wa baba yake. Jumanne nikafafanua kwamba jina lake la Black Panther halikutokana na kile chama cha Wamarekani Weusi chenye jina hilohilo, kwa sababu chama kiliundwa Oktoba mwaka huohuo, naye alikuwa ameshatoka miezi kadhaa kabla. Jumatano ilikuwa zamu ya vibraniamu, madini ya kubuni ya Wakanda. Alhamisi nikaingia kwenye hadithi za Christopher Priest za mwaka 1998 na walinzi wa kike wa mfalme, Dora Milaje. Ijumaa, nilipotaka kuanza habari za M'Baku, mpinzani wa mfalme, mtoto aliweka kijiko juu ya sahani ya maharage, akaniangalia kwa upole kabisa, akasema: "Baba, sasa siku hiyo nitaona nini ambacho hujanisimulia?" Mama yake alicheka hadi akatoka mezani.

Naomba ushauri wenu kwa dhati. Je, ninyamaze moja kwa moja, hata akiniuliza? Je, nimpe lile jarida alisome mwenyewe? Na je, itakuwa vibaya nikienda kwanza peke yangu Ijumaa usiku, ili joto langu lipungue na Jumamosi niwe mtu wa kawaida? Nawasilisha.

Kaka Mkubwa

Mkuu, la Ijumaa lifute kabisa. Niliwahi kufanya hivyo kwa filamu nyingine: nilitangulia kuitazama, kisha nikampeleka mdogo wangu nikijifanya ni mara yangu ya kwanza. Muda wote nilikuwa naangalia uso wake badala ya skrini, nikisubiri acheke pale nilipocheka mimi. Mara mbili nilicheka kabla ya kichekesho chenyewe kufika. Dogo aligeuka, akanitazama, na sikuwa na la kujitetea. Nenda naye mkiwa wote hamjui kitu. Hiyo ndiyo nafasi pekee utakayoipata ya kuwa sawa naye.

Mzee wa Kumbukumbu

Kwanza nikubaliane nawe: kuingia kwake kwenye filamu kulikuwa 2016, hata kama ilikuwa harusi ya watu. Sasa ndiyo anapata filamu yake.

Pili, mkuu, tambua kwamba hicho unachommalizia mtoto huenda kisiwepo kabisa. Katika majarida aliyemuua T'Chaka, baba yake T'Challa, ni Klaw. Kwenye filamu ya 2016 mfalme alikufa kwa bomu huko Vienna, na Klaw hakuhusika. M'Baku ulimsoma akiwa anaitwa "Mtu-Nyani", jina alilopewa mwaka 1969, na kila mwenye akili anaelewa kwa nini watengenezaji wa filamu wameliweka kando. Usipoangalia, mtoto atakaa ukumbini akingojea mambo ya Jumatatu yako na Jumatano yako, na yasipotokea atadhani filamu imekosea. Hasira hiyo ni yetu sisi tuliosoma zamani. Yeye haimhusu.

Mama Watatu

Shemeji, pole, na umpe pole zaidi mwenzako. Nina maneno mawili tu.

La kwanza, kule Marekani filamu hii imepewa alama ya PG-13, maana yake wazazi wanaonywa kwamba baadhi ya mambo yake huenda yasiwafae watoto walio chini ya miaka 13. Binti yako ana 11. Mwambie mapema kwamba kutakuwa na mapigano na watu kufa, kwa sentensi moja, bila kumtajia nani anampiga nani.

La pili, anachohitaji kujua ni kwamba T'Challa amerithi ufalme baada ya baba yake kuuawa, na kwamba nchi yake imeuficha utajiri wake ili ulimwengu usiujue. Basi. Akikuuliza zaidi, mjibu alichouliza na uishie hapo. Najua ni vigumu. Mume wangu ni hivyohivyo kwa mambo ya Simba na Yanga.

Jirani wa Ziwa

Salamu kutoka Kisumu, ambako filamu imezinduliwa jana. Sikupata nafasi ya kuingia, kwa hiyo usiogope, sina siri ya kuitoa.

Nilitaka kukuuliza jambo, Mwalimu. Katika yote uliyomsimulia binti, amewahi kukuambia anayempenda yeye? Wapwa zangu hawana habari na T'Challa. Wanamfuata Lupita Nyong'o, anayeigiza kama Nakia, kwa kuwa baba yake ndiye gavana wetu na wanamwona kama dada yao. Tena kwenye trela kuna Shuri, mdogo wake mfalme, msichana mvumbuzi anayetengeneza vifaa vyote vya kaka yake, ameigizwa na Letitia Wright. Shuri aliingia kwenye majarida mwaka 2005. Kwa maelezo yako mwenyewe, masimulizi yako yameishia 1998. Huenda mtoto akatoka pale na shujaa ambaye wewe humjui vizuri, na itabidi umuulize yeye.

Kaka Mkubwa

Jirani amenimaliza. Mwalimu, ukiona huwezi kukaa kimya kabisa, mpe kitendawili badala ya somo: mwambie asikilize Wawakanda wanapozungumza lugha yao, kisha akisie ni lugha ya wapi. Usimwambie kwamba ni Kixhosa, wala usianze habari za John Kani, aliyeigiza kama T'Chaka, na jinsi lugha yake ilivyoingia kwenye filamu ya 2016. Najua ulikuwa unaanza.

Mleta mada, 15 Februari 2018

Nilikuwa ninaanza, ni kweli.

Ndugu zangu, nashukuru. Nimefuta mpango wa Ijumaa. Swali la Jirani wa Ziwa lilinikosesha usingizi, kwa hiyo leo asubuhi, nikimfunga binti kamba za viatu ambazo anaweza kabisa kuzifunga mwenyewe, nilimuuliza nani anamvutia katika trela. Alinijibu bila kusita: "Yule dada mwenye maabara." Nikamwambia simfahamu sana. Alishangaa mno, akaniuliza mara mbili kama kweli simfahamu, halafu njia nzima hadi kituo cha daladala yeye ndiye aliyezungumza, akinieleza alichokiona katika trela kwa makini ambayo ningependa aionyeshe kwenye hesabu.

Jarida la 1973 nimelitia kwenye bahasha ya kaki na kulifungia kabatini hadi Jumamosi usiku. Kuhusu viti, ameshapanga: yeye atakaa katikati, mama yake kulia, mimi kushoto, na nikinong'ona neno moja tu anahamia upande wa pili na bisi zote.