Tupeane uzoefu: kula usiku huku unapunguza mwili, nyie mmeweza vipi?

Mkazi wa Chanika
Wakuu, habari za jioni. Jana ndani ya daladala ya Gongo la Mboto dada mmoja alikuwa anamwelekeza mwenzake kwenye simu: ukitaka kitambi kiishe, mwisho wa kula saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo maji tu. Gari zima lilisikia. Nimelala nikiwaza. Saa kumi na mbili mimi ndiyo kwanza nashusha mlango wa duka Kariakoo. Nyumbani nafika saa tatu, mvua ikinyesha saa nne, na nakuta nimewekewa ugali na dagaa kwenye hotpoti. Nile nilale nao tumboni, au nilale na njaa wakati nimeshinda na chapati mbili za asubuhi? Daktari kaniambia presha inapanda, nipunguze kilo. Naomba kusikia kwa waliofanya, maana wa kusikia tu tumekuwa wengi.

Tazara Kwanza
Umesema yangu mkuu. Muda huo mimi nimebanwa foleni hapo Tazara, hata maji ya kunywa sina.

Nesi wa Zamu
Nafanya zamu za usiku tangu nimalize chuo, kwa hiyo mada hii naijua mwilini. Asikwambie mtu, njaa ya saa nane hadi saa kumi usiku ina ukali wake. Umekula vizuri jioni kabla ya kutoka, lakini ikifika muda huo mwili unadai kitu kitamu, kitu cha mafuta. Nje ya geti letu kuna mama anauza chai ya maziwa na maandazi mpaka alfajiri, wateja wake ni madereva wa bajaji na ndugu wa wagonjwa. Tunachanga, mmoja anatoka na hela, anarudi na mfuko. Andazi la moto, gazeti limelowa mafuta. Unakula umesimama, mzazi anaita, unakwenda, ukirudi unachukua jingine hata hukumbuki umeshakula mangapi. Asubuhi unafika nyumbani unakunywa chai nzito tena, ndipo unalala. Gauni langu la kazi fundi alilifungua pembeni mpaka kitambaa cha akiba kikaisha.

Kilichonisaidia ni kuhamisha mlo mkubwa. Nikiwa na zamu napika wali wangu, mboga na samaki, nakula saa kumi na moja jioni nikiwa nimekaa, nashiba. Mkobani nabeba mayai ya kuchemsha, matango na karanga za kuchemsha. Chai naiandaa mwenyewe, bila sukari. Miezi ya mwanzo mizani haikusogea, nikaudhika sana, baadaye ikaanza kushuka polepole. Wenzangu walioamua kukaa usiku mzima bila kitu niliwaona saa kumi na moja alfajiri wakitetemeka mikono, halafu asubuhi wanamaliza sinia.

Hesabu Tu
Poleni na kazi, lakini saa tunaionea. Mwili unahesabu kalori, hauvai saa. Aberdeen kule Uskoti walichukua watu 30, wakawapa wiki nne chakula kingi asubuhi na kidogo jioni, kisha wiki nne kinyume chake, kalori zile zile. Matokeo yalitoka mwaka 2022: kilo zilizopungua zilikuwa sawa. Mwaka huo huo Guangzhou, China, wakatoa matokeo ya watu 139 waliofuatiliwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kalori, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Mwisho wa mwaka tofauti ya uzito haikuwa ya kutosha kusema muda ndio uliofanya kazi. Ukila ugali wako saa tatu usiku na jumla ya siku haijazidi, utapungua.

Binti wa Moro
Umesoma nusu, kaka. Hao hao wa Aberdeen walipokula zaidi asubuhi njaa yao ya siku nzima ilikuwa ndogo kuliko walipokula zaidi jioni. Hilo mbona umelificha? Njaa ndiyo inatushinda watu. Na Boston mwaka 2022 waliwaweka watu 16 wanene ndani ya maabara, chakula kile kile wakakisogeza mbele kwa saa nne. Njaa ikapanda, leptini, ile homoni ya shibe, ikashuka, na mwili ukaunguza nguvu kidogo kuliko walipokula mapema. Hispania nako watu 420 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito: waliokula mlo mkubwa wa mchana baada ya saa tisa walipungua kidogo kuliko waliowahi.

Hesabu Tu
Wa Boston walikaa siku chache, hakuna aliyepimwa kama amepungua kilo. Na wa Hispania ulikuwa mlo wa mchana, tena kila mtu alijichagulia muda wake. Anayechelewa kula huenda anachelewa na kulala na mengine mengi.

Binti wa Moro
Na wa Aberdeen walikuwa wanapewa chakula chote kimeshapimwa. Mwenye uzi wetu nani anampimia huko Chanika? Anafika kachoka, ana njaa ya kutwa nzima, hotpoti iko mbele yake. Hapo kalori zako atazihesabu kwa mkono gani?

Tazara Kwanza
Hapo kwenye njaa ya kutwa nzima kasema kweli.

Mama Shani
Wataalamu naomba niwakatishe, maana nikisoma "acha kula usiku" moyo unanienda mbio.

Mama yangu mzazi ana sukari ya muda mrefu, anameza vidonge vya kushusha sukari, glibenklamaidi na metformini. Kwenye kikoba chao kulizunguka ujumbe wa sauti: ukiacha chakula cha usiku mwili unakula mafuta yake wenyewe. Mama ana goti linamsumbua, aliambiwa akipungua litapata nafuu, akaona ndiyo njia. Jioni akameza vidonge vyake kama kawaida, akanywa chai ya rangi tupu, akaingia kulala. Hakumwambia mtu.

Saa tisa usiku mdogo wangu anayelala naye akasikia anakoroma, lakini mkoromo wa ajabu, kama mtu anayekabwa. Kumgusa, kanga imelowa jasho chapachapa na mwili wa baridi. Tukamwita, haitiki. Macho yako nusu wazi, hayatuoni. Nyumba ikachafuka. Huyu anasema degedege, yule anasema amerushiwa kitu, mama mdogo kaanza kusoma dua kwa sauti. Mjomba akaja na kikombe cha maji ya sukari akataka kumnywesha, meno yamekaza, maji yakapita shavuni, mengine akapaliwa nayo. Pale nilijua tunampoteza. Kijana wa bajaji wa nyumba ya tatu alitoka na taulo kiunoni, Mungu ambariki, hakuuliza hata nauli.

Kufika, wakamtoboa kidole. Kipimo cha sukari kikasoma 1.9, yaani imeshuka mno. Yule nesi aliita kwa sauti, wakaja wawili, wakatafuta mshipa, wakasukuma glukosi. Tumesimama pale tunalia, mama akafungua macho, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza, "Mbona mmevaa hivyo?" Nilikaa chini sakafuni.

Tulidhani tunarudi naye asubuhi ile. Wakakataa, wakasema kile kidonge kinakaa mwilini, sukari inaweza kushuka tena, akalala mpaka kesho yake na dripu.

Tazara Kwanza
Dah. Pole sana dada. Mama anaendeleaje?

Mpemba wa Muscat
Pole mwanangu. Allah amzidishie afya na umri.

Mzee wa Kimara
Mimi bado nasema la kurushiwa kitu msilidharau. Nimeona mengi.

Mama Shani
Mzee wangu, shikamoo. Kipimo kilisoma 1.9 na glukosi ikamwamsha. Tungekaa nyumbani kutafuta aliyerusha, leo ningekuwa naandika mengine.

Nesi wa Zamu
Mzee wa Kimara, kwa heshima zote, mwenye sukari akizimika usiku ni hospitali kwanza. Na wote tusomeane hili: ukitumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi, usiruke mlo wowote kabla daktari hajakupangia upya dawa. Metformini peke yake ni nadra kuleta hilo. Mgonjwa akianza kutetemeka, jasho, maneno kuchanganyika, na bado anaweza kumeza, mpe sukari au soda yenye sukari, kisha chakula. Akishazimika usimwagie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize.

Hesabu Tu
Hapa naungana na nesi asilimia zote. Mama Shani pole sana.

Binti wa Moro
Pole dada. Na mimi nilikuwa nawazungumzia wazima, mwenye dawa asinifuate.

Mpemba wa Muscat
Kwa suala lenyewe, sisi mwezi wa Ramadhani tunakula usiku peke yake, na wapo wanaopungua na wapo wanaotoka wamenenepa. Nimeangalia nyumbani kwetu miaka mingi. Anayefungua kwa tende, maji na uji, akaenda kuswali, akarudi akala chakula chake kimoja na daku nyepesi, anapungua. Anayeanza sambusa na kaimati magharibi, akaunga na mihogo ya nazi, tambi, halafu baada ya tarawehe anarudi jikoni, huyo Idi inamkuta kanzu inabana. Wote wamekula usiku. Ila na walichopungua wengi hukirudisha baada ya Mfungo Mosi, hilo nalo nimelishuhudia.

Shemeji wa Tabata
Dawa ni moja, oa mwanamke anayepika mapema akuletee chakula dukani.

Mama wa Watatu
Shemeji, na sisi tunaotoka kazini saa hizo hizo atatuletea nani? Hebu tuacheni.

Lakini ngoja niseme jambo ambalo wanaume hamlioni. Mimi nakula na watoto saa moja. Baba yao anafika saa nne, hapendi kula peke yake, na ni haki yake, kachoka, anataka maongezi. Nakaa naye, namega tonge, mara mchuzi mtamu, mara kipande cha samaki, najikuta nimekula chakula cha pili. Nilikuwa nanenepa na yeye anapungua! Nikamweleza kwa upole. Siku hizi nakaa naye na kikombe cha tangawizi, tunaongea vile vile, na kilo zimeshuka bila kubadilisha kingine.

Tazara Kwanza
Mke wangu namtumia hii sasa hivi.

Chipsi Mayai
Mimi ugali wa usiku haujawahi kuninenepesha. Kilichonimaliza ni zege, yaani chipsi mayai, la saa nne pale kituoni na soda baridi, kwa sababu nyumbani watu wameshalala na sitaki kuwasha jiko.

Mzee wa Kimara
Kunyweni maji ya moto na limao kabla ya kulala.

Nesi wa Zamu
Mzee, mwenye vidonda vya tumbo asijaribu hiyo. Na ukimaliza kula kaa saa mbili tatu hivi kabla ya kujilaza, kiungulia kitapungua.

Mkazi wa Chanika
Nawashukuru mno, Mama Shani nimesoma mkono umeshika mdomo. Nimeongea na mke wangu leo. Mchana nitakula wali maharage na mboga kwa mama ntilie saa saba, nishibe, usiku anibakizie ugali nusu, mboga nyingi na dagaa. Nesi, swali moja: mimi nameza amlodipini ya presha. Nayo nikila kidogo usiku itanizimisha?

Nesi wa Zamu
Hapana kaka, hiyo haishushi sukari. Endelea kumeza muda uleule kila siku, usiache kwa sababu umepungua mpaka daktari akupime aseme. Kwako wewe nina wasiwasi na hao dagaa. Ni wale wa chumvi?

Mkazi wa Chanika
Ndiyo, wa chumvi.

Nesi wa Zamu
Mwambie shemeji awaloweke kwenye maji ya uvuguvugu, amwage, awaoshe tena, na kwenye mchuzi asiongeze chumvi nyingine.