Riwaya za kihistoria kuhusu Zanzibar: nianze na ipi?

Msomaji wa Usiku
Wakuu, natafuta riwaya za Kiswahili za kunipitisha Zanzibar tangu ukoloni hadi baada ya Mapinduzi. Nimeambiwa nianze na *Haini* ya Adam Shafi. Ni sahihi?

Bandarini
Hapana mkuu, hiyo iweke mwisho. *Haini* (2003) inatokana na mauaji ya Karume ya Aprili 1972 na kamatakamata iliyofuata. Asiyejua Mapinduzi ya 1964 ataona mateso ya gerezani tu, asielewe nani anamwogopa nani na kwa nini.

Msome Shafi kwa mpangilio wa matukio, si wa miaka ya kuchapishwa. Anza na *Kuli* (1979): wachukuzi wa bandarini, Rashidi akiwa katikati yao, hadi mgomo wa 1948. Halafu *Vuta n'kuvute* (1999), miaka ya 1950. Kisha *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978), ya shambani kwa bwanyenye hadi Mapinduzi yanapomfikia. *Haini* ifuate hapo.

Unapotafuta dukani au mtandaoni, andika "Kasri ya", si "Kasri la". Na *Vuta n'kuvute* ijaribu pia bila kile kikoma cha juu, la sivyo utaambiwa hakipo.

Mwana wa Ng'ambo
Naafiki, ila *Kasri* isomwe kwa tahadhari. Imeegemea upande wa wakulima moja kwa moja, na Fuad hapewi hata chembe ya wema. Kwa hiyo usiichukue kama kumbukumbu kamili ya 1964. Uzito wake uko kwa Kijakazi: mtumishi anayedhalilishwa kila siku na bado anamtumikia bwana wake kwa moyo mmoja. Ukimfuatilia yeye utaelewa jinsi unyonge unavyoingia mtu akilini, jambo ambalo vitabu vya historia hulipita kwa sentensi moja.

Kisiwani
Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kuna *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf anatolewa na baba yake kufidia deni la mfanyabiashara, anafuata msafara hadi bara, na Wajerumani wanazidi kusogea.

Nje ya pwani, usimpite Aniceti Kitereza wa Ukerewe, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Aliiandika kwa Kikerewe akaimaliza 1945. Ya Kiswahili ikatoka 1980. Ni ndefu na inakwenda taratibu. Wengi huiacha njiani kwa sababu wanangoja vita na wafalme, kumbe historia yake imo kwenye mambo ya nyumbani: Bugonoka anarudishwa kwao kwa kukosa mtoto, na mume atozwa pombe ya ndizi ndipo ampate tena. Usiziruke kurasa za kutengeneza pombe hiyo.

Msomaji wa Usiku
Asanteni sana. Na kama mwezi huu naweza kununua kimoja tu?

Bandarini
*Vuta n'kuvute*. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwenye duka aliyemzidi umri mno, anatoroka ndoa na kuangukia kwa Mwajuma, Ng'ambo, mitaa ya Waswahili mjini Zanzibar. Kupitia yeye unaingia nyumba za Wahindi na za Waswahili, na kupitia Denge, kijana mpigania uhuru, unaziona siasa za siri na polisi wa Mwingereza. Hakuna nyingine kati ya hizi inayokutembeza mjini kote namna hiyo.