Petroli imepanda tena: kuchangia gari, basi, pikipiki, au kununua la haibridi? Tulinganishe kwa lita

Msafiri_wa_Asubuhi:
Wakuu, habari zenu. Petroli imepanda tena na safari hii nimeumia kweli. Zamani nilikuwa najaza tangi na kusahau. Siku hizi nikisimama pale kituoni naziangalia namba za pampu zinavyokimbia, namwambia kijana asimamishe kabla tangi halijafika nusu. Siwezi kuendelea hivi, kwa hiyo nimekaa chini nikapiga hesabu na nawaletea mniambie nimekosea wapi.

Kazini ni kilomita 17 kwenda na 17 kurudi. Gari langu lina injini ya lita mbili na kwa foleni za asubuhi linakula kama lita 11 na nusu kwa kilomita 100. Siku kumi za kazi ndani ya wiki mbili ni kilomita 340, yaani lita 39. Nimehesabu kwa lita makusudi, kwa sababu bei ya leo si ya kesho, lakini lita ni lita.

Nikinunua gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, linalokula lita 5 kwa kilomita 100, zile 39 zinashuka hadi 17. Nikienda kwa pikipiki ya lita 2 na nusu, inakuwa lita 8 na nusu. Kuna wenzangu watatu tunakaa njia moja, na kila mmoja anaendesha lake peke yake. Tukienda kwa zamu, gari moja kila siku, kuwapitia kunaongeza kilomita 3 kila upande, kwa hiyo ni kilomita 400 na lita 46. Gawanya kwa wanne, kila mtu lita 11 na nusu. Basi kwangu ni lita sifuri, ila ni mabasi mawili, saa moja na dakika ishirini kila upande badala ya dakika 40.

Moyo wangu uko kwenye haibridi. Nishaurini kabla sijakopa.

FundiGia:
Mkuu, umeshajijibu mwenyewe kwenye hesabu yako. Haibridi inakubakisha lita 17, zamu na wenzako zinakubakisha lita 11 na nusu, na zamu hazidai mkopo. Hata mkiwa wawili tu, bila kuzunguka sana, mnakaribia lita 20 kila mtu, karibu sawa na hiyo haibridi. Mkopo utaulipa miaka, wakati kiti cha abiria kiko tayari na kinasafiri kitupu kila asubuhi.

Halafu kabla ya yote, lilete gari gereji ukaguliwe upepo wa tairi, plagi na chujio la hewa. Nitasema kweli ingawa ndiyo kazi inayonilisha: upepo wa tairi ukiwa sawa unakuokolea kama asilimia moja hadi tatu, si zaidi. Usimwamini anayekuahidi robo tangi kwa sababu ya tairi. Lakini breki inayoshika bila wewe kukanyaga ni habari nyingine. Wiki iliyopita nimepokea gari ambalo mwenyewe analalamika petroli. Nikalipandisha jeki, nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, halikuzunguka hata nusu. Rimu ilikuwa ya moto huwezi kuishika. Alikuwa anaendesha amefunga breki miezi mingi na hajui. Kagua mwenyewe: ukishafika, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, hapo pana tatizo.

mama_pacha:
Nawaheshimu wote, lakini mnaongea kama kila mtu anatoka nyumbani na begi moja begani. Mimi nina watoto wawili wa kuwaacha shule, halafu kazini, halafu jioni mmoja yuko mazoezini. Zamu za watu wanne haziniwezekani, maana nikichelewa dakika kumi kwa mtoto aliyemwaga uji, watu watatu wamechelewa kazini. Basi ndiyo kabisa. Mtu kama mimi afanye nini?

Tulivu:
Dada mama_pacha, pole, na swali lako ni la maana kuliko yetu. Mimi nilianza na daftari. Nililiweka mlangoni mwa gari pamoja na kalamu, na kila nikizima injini naandika nilikokwenda na kilomita ngapi. Fanya wiki mbili bila kubadilisha chochote, usijionee aibu. Nilichogundua ni kwamba safari za kazini zilikuwa chache. Zilizonimaliza ni zile za kilomita mbili: nimesahau vitunguu, narudi, fundi cherehani kaniita, naenda, karatasi ya kuchapa, naenda tena.

Safari fupi zina ubaya wake. Injini baridi hutiliwa petroli nyingi zaidi mpaka ipate moto, na kwa kilomita mbili mshale wa joto hata haujanyanyuka, unazima. Kwa kila kilomita unalipa zaidi kuliko anayetoka kilomita 17. Nilipoanza kuziunganisha, yaani shughuli zote za wiki siku moja, nikianza na ya mbali kabisa ili injini ipate moto mapema halafu nikirudi namalizia za karibu, mara za kuwasha gari zilipungua kwa nusu.

Msafiri_wa_Asubuhi:
Mkuu Tulivu, hilo la daftari nimelichukua. Naanza kesho. FundiGia, nashukuru, ila niseme ukweli, kuchangia gari kunanitia wasiwasi. Nani analipa nini? Nani anamsubiri nani?

Gurudumu_Mbili:
Mimi ni mtu wa pikipiki mwaka wa sita na ndiye ningetegemewa kukwambia ununue. Kwa lita hakuna kinachoishinda. Lakini hesabu yako ina kitu umekiacha: mwili wako. Kwa kila kilomita, mwenye pikipiki yuko kwenye hatari ya kufa mara nyingi zaidi ya aliye ndani ya gari. Nimeteleza mara moja kwenye kona yenye mchanga, nikiwa taratibu kabisa, na goti linaniuma mpaka leo kukiwa na baridi. Ukinunua, nunua kwanza kofia ngumu iliyokukaa kichwani, glovu na koti zito, na uziingize kwenye hesabu. Kama njia yako ni barabara kuu yenye malori, mimi kama ndugu nakwambia acha.

Kwa zile safari za kilomita mbili za Tulivu, baiskeli. Kilomita 3 ni robo saa bila kutoa jasho. Na zile za kusaidiwa na mota ya umeme zinakula kama yuniti moja ya umeme kwa kilomita 100. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu yuniti 9. Yaani nishati inayolipeleka gari lako kilomita 8 au 9 inaipeleka baiskeli hiyo mamia ya kilomita.

Mzee_wa_Njia:
Vijana, hili si geni. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilipowawekea vikwazo Marekani na Uholanzi, bei ya pipa ilipanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Uholanzi walipiga marufuku magari ya binafsi siku za Jumapili, watu wakatembea kwa miguu na baiskeli kwenye barabara kuu. Marekani mwaka 1974 waliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 89, na kilikaa mpaka 1995.

Mwendo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Ukishuka kutoka 110 hadi 90, nguvu ya upepo unaousukuma inapungua kwa theluthi. Na kwa kilomita 17 nzima, hata kama zote zingekuwa wazi, unachelewa dakika mbili tu. Kama una keria juu ya paa na hubebi kitu, iteremshe leo hii.

mama_pacha:
Shikamoo mzee. Na lile la kuweka gia nyutro kwenye mteremko? Shemeji yangu anaapa kwamba linaokoa.

FundiGia:
Dada, mwambie shemeji aache. Magari ya sasa yenye sindano za kielektroniki, ukitoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, kompyuta inakata petroli kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inarudi silensa, yaani inanguruma bila kulivuta gari, na inabidi inyweshwe petroli ili isizimike. Kwa hiyo anatumia zaidi, na amepoteza msaada wa injini kwenye kushika gari, breki pekee ndizo zinazobaki na zinachemka. Enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, ndiko imani hiyo ilikozaliwa.

Na silensa yenyewe: injini ya kawaida ikiwaka huku gari limesimama inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, kiyoyozi kikiwaka inazidi. Unayemsubiri mtoto shuleni dakika 20 kila siku, zima.

Tulivu:
Naongeza moja: petroli yenye okteni kubwa haiongezi kilomita kwa gari ambalo halikuundwa kwa ajili yake. Soma kifuniko cha tangi au kitabu cha gari, tia hiyo wanayosema.

Kigoda:
Mbona hakuna aliyetaja gesi? Mimi nilifunga mtungi wa gesi asilia. Kilo moja inanipeleka kama lita moja na nusu ya petroli, na kwa anayetembea sana inalipa. Lakini buti langu limekwisha, mtungi umekaa pale pote, na begi la safari linakaa kiti cha nyuma. Gesi imebanwa kwa shinikizo la kama baa 200, kwa hiyo usifungiwe na mtu wa vichochoroni, na mtungi upimwe kwa muda uliopangwa. Angalia kwanza vituo viko wapi. Mimi cha karibu kilikuwa kilomita 14 na foleni ya saa nzima, nikajikuta naichoma petroli kuifuata gesi. Kwa mtu wa kilomita 340 kwa wiki mbili, kusema haki, nisingekushauri.

Msafiri_wa_Asubuhi:
Nimerudi, wiki tatu zimepita. Daftari hili hapa.

Wiki mbili: kilomita 590, lita 68. Kazini 340, kama nilivyosema. Kwenda kumwona mama na kurudi, 140. Zilizobaki ni kilomita 110, na kwa hizo 110 niliwasha gari mara 38. Thelathini na nane! Safari za wastani wa kilomita 3 hata hazifiki. Nimeliangalia daftari usiku mke wangu ananiuliza kuna nini. Mstari mmoja umeandikwa "betri za rimoti, km 1.6".

Mkopo nimeuacha. Hizo za karibu nimezihamishia miguu na baiskeli ya kijana wangu, na wiki ya tatu nimewasha mara 4 tu kwa shughuli hizo.

Zamu nazo zimeanza, tuko watatu, wa nne bado anasitasita. Wasiwasi wangu wa nani analipa tuliumaliza hivi: hakuna pesa inayotoka mkononi, kila mtu anaendesha siku yake kwa petroli yake. Kusubiri ni dakika tatu, baada ya hapo gari linaondoka na hakuna kununiana. Siku ya pili tulimwacha mwenzetu, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya usukani. Niliumia njia nzima. Jioni akaniambia ningemsubiri angeona haya zaidi. Tangu hapo anasimama nje ya geti kabla hatujafika.

Siku ambayo si zamu yangu nasoma au nasinzia. Sikutegemea hilo.

Gurudumu_Mbili:
Hongera sana mkuu. Hiyo 38 nimeisoma mara mbili.

mama_pacha:
Nami niseme yangu. Niliongea na jirani ambaye mtoto wake yuko darasa moja na mapacha. Yeye anawapeleka asubuhi, mimi nawachukua jioni, na jioni naegesha na kuzima. Bado kazini naenda na langu, hilo halijabadilika. Lakini ile safari ya asubuhi ya kwenda upande wa shule na kugeuza imekufa, kilomita 9 kila siku. Watoto wamefurahi kuliko mimi.

Mkuu Msafiri, huyo wa nne anayesitasita anakaa upande gani wa njia? Kama ni mama mwenye watoto, mwambie aniandikie kwenye ujumbe wa siri hapa, huenda najua kinachomzuia.