Filamu yangu ya dakika 17: niipeleke shindano gani, na nilipie vipi?

mtoto_wa_Birere (Goma)
Jambo wakubwa. Nimemaliza filamu yangu fupi ya kwanza, dakika 17 na sekunde 40 (hizo 40 ni majina ya mwishoni), juu ya kijana anayeshusha viazi kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kutoka Kibumba mpaka soko la Virunga. Pale mteremko wa Kibati kamera niliifunga chini kabisa: unaona kisigino kinakandamiza kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, vumbi jeusi linaruka. Ndiyo breki yenyewe hiyo.

Nataka kuiingiza mashindano ya kimataifa. Mwezi uliopita nilimwomba mjomba aliye Kampala alipe ada ya shindano moja, dola 45, kwa kadi yake, maana hapa tangu benki zifungwe 2025 kulipa nje ni kazi. Siku ya nne barua ikaja: "Umechaguliwa!" Kombe wanalo, ila nilipe dola 120 nitumiwe. Nikaangalia kile kiungo cha video nilichowapa. Kimefunguliwa mara sifuri.

Nifanyeje? Nyimbo nilitoa kwenye simu, za mwanamuziki mkubwa wa Kinshasa. Filamu nzima pia iko YouTube, watu 212 wameiona.

yaya_Himbi
Pole mdogo wangu. Hao ni wauza makombe, dola 120 usitoe. Kabla ya kulipa popote uliza: mwaka jana walionyesha kwenye ukumbi gani, na majaji walikuwa nani? Wasipokuwa na jibu, pita.

Itoe YouTube leo hii. Tamasha la Cannes, kwa mfano, hawachukui filamu iliyokwisha kuonekana mtandaoni, na hata hivyo mwisho wao ni dakika 15 pamoja na majina ya mwishoni. Usiikate kwa ajili yao! Tamasha la filamu fupi la Clermont-Ferrand, Ufaransa, wanafika dakika 40, unaingilia Shortfilmdepot, tovuti ya kutumia filamu. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, ni miaka isiyogawanyika kwa mbili, filamu fupi zina tuzo yake, Poulain d'or. Milango hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anza na kalenda.

fundi_sauti_Bukavu
Mimi ningeikata, sekunde 40 za majina ni nyingi. Ila shida yako kubwa ni muziki. Ruhusa ni mbili: ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi. Mimi nilichaguliwa mahali, wakaomba karatasi za haki, nikawatumia picha ya mazungumzo ya WhatsApp. Wakaniondoa. Tafuta kijana wa gitaa pale mtaani, mlipe, asaini.

Na maandishi ya tafsiri usimpe mtu wa Kiswahili cha shuleni tu. Kwenye filamu yangu mjane analia "amenikula franga zangu zote", yaani ametapeliwa pesa, mtafsiri akaandika kwa Kifaransa kwamba mama ameliwa. Ukumbi mzima ulicheka, na ile ilikuwa matanga. Maandishi yaache pembeni, kwenye faili lake la maandishi tu (SRT), usiyachome juu ya picha. Ukikuta kosa unasahihisha.

mama_kamera (Lubumbashi)
Juu ya malipo: waandikie kabla, uombe wakusamehe ada. Mistari sita inatosha: wewe ni nani, filamu inahusu nini, kiungo chenye neno la siri, na kwamba benki zimefungwa. Usilie sana. Mimi niliandikia tisa, wanne wakajibu, watatu wakakubali. Uandike mapema, maana ada hupanda kadiri siku ya mwisho inavyokaribia, na wakati huo hawasamehi mtu.

mtoto_wa_Birere (Goma)
Asanteni. YouTube nimeitoa. Nimezima nyimbo nikatazama tena Kibati: ile sauti ya mpira unasugua gurudumu inatosha, sijui nilikuwa natafuta nini. Bado moja. Mwenye chukudu anataka jina lake litangulie langu. Inaruhusiwa?

yaya_Himbi
Mtangulize. Lakini je, alikusainia karatasi ya kukubali kupigwa picha?

mtoto_wa_Birere (Goma)
Kesho asubuhi nashinda kwake.