Mmepandisha kiwango cha lugha ya C++ kutoka C++14 kwenda C++17 halafu mkaita toleo la marekebisho madogo?

Wakuu, leo nimekereka, mnivumilie.

Kuna maktaba moja ya C++ (msimbo wa wengine unaouazima kwenye programu yako) ya kusoma mafaili ya mipangilio, jina naliweka kapuni. Imetoka 3.4.2 kwenda 3.4.3. Tarakimu ya mwisho tu, yaani wamerekebisha vijihitilafu, wewe sasisha ulale. Nikasasisha saa kumi na moja jioni, begi liko begani. Nimetoka saa nne usiku.

Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa kitu cha kuendeshwa) inasema haiijui `std::string_view`, iliyokuja na C++17. Kuchungulia, kumbe kiwango cha chini sasa ni C++17. Kwenye orodha ya mabadiliko wameandika mstari mmoja, chini kabisa: "usafi wa msimbo". Usafi! Nimepekua maktaba nzima, `string_view` imetumika mara mbili, `if constexpr` (nayo ya C++17) mara moja. Kwa hayo matatu ndiyo tumehamishwa wote.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi "si uweke `-std=c++17` tu", yaani niiambie kompaila itumie C++17. Nimeweka, ndugu yangu. Maktaba yenyewe ni mafaili ya .h matupu, yanayoingizwa mazima ndani ya kila faili linaloyaita, kwa hiyo kila faili langu linaloigusa linapanda nayo. Humo humo naita pia msimbo wa mtengenezaji wa kifaa, ambao siruhusiwi kugusa hata nukta, na bado una `throw(int)` (kutaja aina ya kosa ambalo funksheni inaweza kurusha) kwenye matamko ya funksheni. C++17 iliyafuta hayo, na kompaila yangu, GCC, inagoma palepale. Nikibaki chini huyu ananuna, nikipanda yule ananuna.

Nikaenda kulalamika kwa wenyewe. Jibu: C++17 ni ya mwaka 2017, badilisha kompaila. Kompaila ninayo! Tena wanasema toleo lijalo litatumia `<filesystem>` (sehemu ya C++17 ya kushughulikia mafaili na folda), ambayo GCC 7 haina kabisa (ina ile ya majaribio), na GCC 8 inayo ila mpaka uiunganishe kwa `-lstdc++fs`. Hilo nalo litakuwa 3.4.4, si ajabu.

Sikatai kupanda, na `string_view` naipenda sana tu. Pandeni, ila iite 4.0 tujue tunaingia wapi.

Kwa sasa nimerudi 3.4.2 na nimeifunga hapo hapo. Aliyewahi kuificha maktaba ya namna hii nyuma ya faili moja la .cpp linalokompailiwa peke yake kwa C++17, ilikukubali?